Maji ya Tuta la Nne

Nilikuwa nimefika shina la arobaini, birika chini ya mtandio, wifi yangu alipoita kutoka ng'ambo ya uzio.

"Wifi! Unazungumza na nani huko?"

Nilikuwa nayahesabu mashina kwa sauti bila kujijua. Nilisimama kama mwizi wa kuku, maji yakinidondokea kwenye vidole vya miguu.

"Nang'oa magugu."

"Saa saba mchana? Jua hili hata magugu yenyewe yamejilalia."

"Ndiyo maana nayawahi."

Akacheka kile kicheko chake cha puani, akajikokota na ndoo yake kwenda zake, nyonga ikimvuta upande mmoja. Nilisubiri mpaka sikusikia tena kandambili zake. Kisha nikainamisha birika juu ya shina la arobaini na moja, funda moja tu, likaingia chini ya nyasi kavu bila kuacha alama. Yalikuwa mashina sitini na mawili ya kunde. Birika langu la bati lilitosha ishirini, kwa hiyo nilivuka njia mara nne, kwangu na bustanini, bustanini na kwangu, kila siku, kwa wiki saba.

Mwaka ule mvua ilikuwa imetuchezea misimu miwili mfululizo. Bomba la mtaa lilifunguliwa siku mbili kwa wiki, na siku hizo ndoo zilipanga foleni tangu kabla hapajapambazuka, kila moja na kitambaa chake ili zisichanganywe. Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na kishamba cha mboga ambacho ndicho kilimlisha yeye na wajukuu zake wawili. Nyonga yake ilikuwa imeharibika tangu alipoanguka ngazini, lakini kila jioni aliibeba ile ndoo, hatua tano, anatua, hatua tano, anatua. Ukimwambia akusubiri umsaidie, anakujibu, "Msaidie mgonjwa. Mimi ni mzima, ninachechemea tu."

Ndipo akaja Bibi Shamba. Alikuwa binti mrefu, hajafika miaka thelathini, mwenye viatu vya mpira vinavyomfika magotini na daftari gumu alilolifunga kwa raba. Tulicheka mtaani kwamba sasa tuna mabibi wawili, mimi bibi wa umri na yeye bibi wa kazi. Alipewa kiwanja nyuma ya zahanati, mahali palipokuwa jaa la chupa na mabati, akatuita tukasafisha siku tisa. Tukapiga matuta manane. Pembezoni akapanda mpungate, ule wenye miiba na matunda mekundu, uwe ua na uliwe pia. Tuta la kwanza mlonge, uliokatwa mfupi ili majani yachumwe bila ngazi. La pili viazi vitamu, la tatu muhogo, na la sita mpaka la nane alichanganya mbaazi na mtama. Kila tuta akalisimamishia kibao chenye herufi za rangi nyeupe. Akaiita bustani ya mfano. "Sitaki mniamini mimi," alisema. "Muyaamini macho yenu."

Macho yetu yalikuwa yaangalie tuta la nne na la tano. Yote mawili yalipandwa kunde siku moja, mbegu ya kopo moja. La tano tulilima tunavyolima siku zote na tukalimwagilia kila jioni. La nne tulilichimbua mpaka magotini, tukalijaza samadi, tukalifunika nyasi kavu, tukalinywesha mpaka majani matatu yalipotoka. Baada ya hapo, basi. Hata tone. Kibao chake kiliandikwa: HALINYWESHWI.

"Mmea ukizoea kuletewa, hautafuti," Bibi Shamba alitueleza. "Tunataka mizizi ishuke chini ikajitafutie. Mchana mtayaona majani yamekunjamana. Msiogope. Yanajikinga na jua. Jioni yatafunguka."

Akanikabidhi ufunguo wa lango, kwa sababu nyumba yangu inatazamana nalo na kwa sababu, alisema, mtu mzima ana subira.

Subira! Siku ya tatu tu baada ya maji kukatwa, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni nikichambua mchele, saa saba, na kunde za tuta la nne zilikuwa zimegeuza majani migongo na kulegea mabua. Ukweli ni kwamba jioni yalifunguka, kama alivyosema. Lakini mimi sikuwa naishi jioni peke yake. Saa saba ilikuja kila siku, na kila siku niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilihamisha kigoda upande wa uani nisione, nikajikuta nimechungulia kwa kupitia dirisha la sebuleni. Moyo ulikuwa ukinienda kama mtu aliyesahau chungu motoni na hakumbuki ni chungu gani.

Siku ya nne nilichukua birika. Nilijiambia ni maji ya kusuuzia vikombe, yangemwagwa tu.

Kwa wiki saba nikawa na siri, na siri ile haikunituliza hata kidogo. Nilipomaliza shina la sitini na mbili nilipumua, nikala, na kabla sijanawa mkono roho ilikuwa juu tena: kesho bomba likikauka? Nikikutwa? Kunde zenyewe zikanisaliti kwa kunenepa. Tuta la nne likalipita la tano. Bibi Shamba alikuja na kamba yake yenye mafundo, akapima, akaandika, akapima tena, uso ukimng'aa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa kupigiwa makofi.

"Bibi, unaona? Hata mimi sikutegemea hivi!"

"Naona, mwanangu," nilisema.

Habari ikaenea. Watu wakawa wanapita makusudi kusoma kile kibao. Wa kwanza kuamini kabisa alikuwa wifi yangu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuamini kitu kabla ya mara ya tatu. Alisimama pale langoni, mkono kiunoni, akalitazama tuta la nne kwa muda mrefu.

"Nimeamua," alisema. "Naing'oa mboga yote. Kishamba chote nakipiga hivi, mbegu yangu yote iliyobaki naimwaga humu. Nimechoka kuwa punda wa kunde."

"Yote, wifi? Si uanze na kipande?"

"Na kipande cha nini, wakati jibu limesimama hapa na majani yake? Ndoo nimeshamgawia fundi baiskeli, apimie pancha."

Alikuwa na kopo moja la mbegu. Nililijua kopo hilo, lilikuwa la maziwa ya unga, kifuniko kimezibwa kwa nta ya mshumaa. Mbegu ile ikifa, hana ya kula wala ya kupanda, na nyonga ile haitambeba kuanza upya. Nilifungua mdomo. Nikasema jua kali, nikaingia ndani.

Siku ya wageni walikuja watu wa kaya ishirini na tatu. Alikuja pia mkubwa wa Bibi Shamba kutoka ofisini, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, na sanduku la mbegu zilizofungwa kwenye vipakiti vya karatasi. Gari lilimsubiri nje likiunguruma. Siku nzima ile mwili wangu haukutaka kukaa mahali pamoja. Nilipanga viti, nikavipangua. Bibi Shamba alinishika bega, akanikalisha mstari wa mbele. "Tulia, Bibi. Leo ni siku yetu."

Alieleza tuta baada ya tuta, akazunguka na watu mpaka kwenye yale mawili. Hapo akasema sasa tutaona kilicho chini, maana cha juu kila mtu amekiona. Akamwomba wifi yangu achimbe shina moja la tuta la nne, taratibu, asikate mzizi.

Wifi yangu hakuhitaji kuelekezwa kuchimba. Alipiga goti la mguu mzima, akazungusha jembe dogo mbali na shina, akaondoa udongo kwa viganja kama anayemvua mtoto nguo. Halafu ghafla akaacha kuchimba. Akalitoa shina, akalipukuta, akaliinua.

Mzizi mkuu ulikuwa mfupi kama kidole changu cha kati. Umefika hapo ukakoma, na vijizizi vyake vyote vimetawanyika juu juu kama ndevu za hindi. Bibi Shamba mwenyewe akachimba shina la tuta la tano, haraka, akaliweka kando ya lile. Mapacha.

Watu wakasogea kutazama. Bibi Shamba aligeuza ile mizizi huku na huku.

"Labda kuna mwamba chini," alisema. "Lakini tulichimbua... Sijui. Kwa kweli sijui."

Mkubwa wake akatazama saa. "Mimea imesimama, watu wameona, inatosha. Gawa mbegu."

Wifi yangu bado alikuwa ameushika mzizi wake. Aliuvuta kati ya vidole viwili, akaunusa.

"Huu mzizi umedekezwa," alisema, kama anayejisemea.

Sanduku likafunguliwa. Fundi baiskeli akawa wa kwanza kunyoosha mkono, na nyuma yake mkono mwingine, na mwingine. Nilihesabu mikono, sijui kwa nini, nilipofika wa sita nikajikuta nimesimama.

"Nilikuwa nazinywesha."

Hawakunisikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kupita kiasi, kama ya mnadani.

"Tuta la nne! Nimelinywesha mimi! Kila siku saa saba, kwa birika!"

"Birika?" Fundi baiskeli aligeuka. "Bibi, ulizitilia na majani ya chai?"

Wakacheka, na haki ya kucheka walikuwa nayo. Mama mmoja aliuliza kama nilizipa na sukari. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nikimtazama wifi yangu, aliyekuwa na ulimi kuliko wote pale, na ambaye hakucheka. Alinitazama usoni, akashusha macho kwenye mikono yangu, akarudi usoni. Kisha akalilaza lile shina chini, polepole, akaondoka na mwendo wake wa kuchechemea, hakugeuka.

Bibi Shamba alifungua raba ya daftari.

"Kuanzia lini, Bibi?"

Nikamwambia siku. Nikamwambia mashina mangapi, funda kiasi gani, birika mara nne. Nilimwambia hata siku mbili nilizokosa, moja nilikuwa na homa na nyingine bomba halikufunguliwa. Yote aliyaandika. Akalipiga tuta la nne mstari, juu yake akaandika upya.

"Kwa nini?"

"Sijui, mwanangu."

Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho wa msimu ule. Akawageukia watu, sauti ikiwa imemrudia, akawaambia wenye macho wameona kwamba maji kidogo kidogo ya juu yanaufanya mzizi uwe mvivu, hilo nalo ni somo. Lile lingine hajalithibitisha, na hatawadanganya. Atakayechukua mbegu apande kipande, si shamba. Mkubwa wake akafunga sanduku kwa kishindo. Niliuweka ufunguo wa lango juu ya daftari lake. Hakuuomba, na hakunirudishia.

Nyumbani sikukaa. Nilifagia uwanja uliofagiwa asubuhi. Nilipita mbele ya nyumba ya wifi mara tatu, mlango umerudishiwa, na mara zote tatu miguu yangu ilinipitisha tu. Nilijua anachofikiri. Nilikuwa nakijua kwa miaka kumi na minne.

Mume wangu alilazwa tumbo likiwa limevimba, akisubiri kupasuliwa. Juu ya kitanda chake muuguzi alibandika karatasi: ASIPEWE CHOCHOTE KWA MDOMO. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na nilichofundishwa ni kwamba kilichoandikwa kinafuatwa. Aliomba maji tangu asubuhi. Aliomba kwa adabu kwanza, halafu kwa jina langu la usichana, halafu kwa macho tu. Midomo ilikuwa imepasuka. Wifi yangu alikaa upande wa pili wa kitanda, akasema, "Mpe hata tone, wifi. Ulimi ulowe tu." Nikasema imekatazwa. Akasema tena, nikamwonyesha karatasi kwa kidole. Mume wangu alikufa saa kumi alasiri hiyo, kabla hawajaja kumchukua. Tangu siku ile, mimi na wifi yangu tumepika pamoja, tumeuguza pamoja, tumetaniana mpaka majirani wakatuonea wivu, na kile kidole nilichonyoosha kwenye karatasi hatujawahi kukitaja.

Asubuhi baada ya siku ile ya wageni niliamka nikapiga moyo konde. Niliikomboa ndoo kwa fundi baiskeli, ambaye aliniuliza kama birika limepumzika, nikaingia kwa wifi yangu kwa mlango wa uani.

Alikuwa kishambani. Nusu ya mboga ilikuwa imeng'olewa, imelazwa kwenye mafungu. Nusu ilikuwa bado. Lile kopo la mbegu lilikuwa juu ya jiwe, nta yake haijabanduliwa.

"Nimekuletea ndoo."

"Nimeiona. Si ndogo."

"Umeacha hii nusu?"

"Sijaiacha. Nilikaa kupumzika." Alipangusa udongo mikononi. "Hii nitaimwagilia. Ile nitaifanya kama alivyosema yule binti. Ikifa ife nusu. Na wewe kule usikanyage mpaka mavuno, nikikukuta na birika nakuitia mgambo."

Niliitua ndoo kando ya jiwe.

"Wifi, jana ulipoondoka..."

"Nyamaza kwanza." Alikaa juu ya fungu la mboga, mguu mbovu ameunyoosha. Hakunitazama, alitazama udongo. "Siku ile hospitali. Ulitoka kwenda kuchukua shuka safi."

Nilikumbuka. Kabati la shuka lilikuwa mwisho wa korido, na mwenye funguo hakuwepo, nikasubiri.

"Nilimpa," alisema wifi yangu. "Nilichovya pembe ya mtandio wangu kwenye jagi la mgonjwa wa kitanda cha jirani, nikamtia mdomoni, akanyonya. Nikachovya tena. Mara nne au tano. Uliporudi nilikuwa nimeukunja mtandio mapajani." "Alipokufa saa kumi nikajua nimemuua mimi. Karatasi ilisema, na wewe ulinionyesha. Miaka yote hii nakutazama, najiuliza kama ulijua. Jana unasimama mbele za watu unasema nimezinywesha, nikahisi umenisemea mimi."

Kuku walikuwa wakichakura kwenye mboga zilizong'olewa na hakuna aliyewafukuza. Nilikaa chini, mahali pale pale, kwenye udongo.

"Alikunywa?" niliuliza.

"Alikunywa."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Mke wangu asijue, atagombezwa na wauguzi.'"

Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka jua lilihama kutoka kwenye bega langu la kulia likaja shingoni. Nakumbuka kwamba mikono yangu ilikuwa mapajani na haikutaka kwenda popote. Wifi yangu alijifuta uso kwa mgongo wa kiganja, akajiachia matope shavuni, na sikumwambia. Baadaye akajiinua kwa kushika bega langu, akachukua uzi wa kunyooshea mistari, akanirushia ncha moja.

"Vuta," alisema. "Umelegea."

Nikavuta.